Sinia ya Haboba na Setilaiti ya Mfukoni

Kiden alinipigia simu asubuhi kabla sijafungua hata kufuli ya duka, akasema, "Sitina, imeungua." Nikadhani nyumba. Nikaanza kupiga kelele pale pale barabarani, hapa Arua, mpaka watu wa boda wakageuka: nani yuko ndani, watoto wako wapi, nani amewasha nini! Yeye akaningoja nimalize, kawaida yake, halafu akasema, "Ile yetu. Ya juu." Basi nikakaa chini kwenye ngazi. Ilikuwa inashuka kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, tulijua siku moja itagusa hewa nzito na kuwaka kama kijiti cha kiberiti, setilaiti ndogo zote mwisho wake ni huo, hata jivu halifiki chini. Tulijua. Lakini kujua msiba unakuja na kupigiwa simu ni vitu viwili. Nililia, na sioni aibu kusema. Mteja mmoja aliyeleta simu yake imeingia maji akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, na kitu ndogo kama kikombe cha chai. Akarudisha simu yake mfukoni taratibu, akaenda kwa fundi mwingine.

Nasema "yetu" na wengine wananicheka. Sawa, wacheke. Hatukuijenga sisi. Ilijengwa na kikundi cha wapenzi wa redio waliotawanyika dunia nzima, wengine wazee wamestaafu, wengine wanafunzi, wanakutana kwenye mtandao tu na kubishana kama watu wa sokoni. Lakini sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Kiden, na mkono ulioshika simu wakati anairekodi ulikuwa wangu, chumbani kwetu Koboko, tumejifunika blanketi wote wawili, jasho linatutoka, ili jogoo wa jirani asiende mbinguni na yeye. Mutu akiniambia hiyo si yetu, aje tupigane.

Mwaka ule mimi nilikuwa bado na meza tu ya kutengeneza simu, pembeni ya barabara, na chumba nimepanga kwa Haboba Zamzam. Haboba kwetu Wanubi ni bibi, lakini huyu alikuwa haboba wa mtaa mzima, mama mnene wa maneno mengi, anasuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula, na hakuna harusi ya Koboko iliyofunikwa bila mkono wake. Chumba chenyewe kilikuwa na rangi ya buluu mpaka kiunoni, juu udongo. Upande mmoja godoro langu, upande mwingine godoro la Kiden, katikati kreti ya soda imebeba laptopu ambayo betri yake ilikufa kabla sijaijua, kwa hiyo ilikuwa inaishi kwa waya wa sola, ukigusa waya imezima. Dirisha lilikuwa linaangalia uani, na uani ndiko walikokaa wanawake wa kusuka, kwa hiyo tulikuwa tunasoma mambo ya mawimbi huku tunasikia nani ameachika, nani ameoza binti kwa haraka na kwa nini. Mpaka leo nikifikiria jinsi sauti inavyosafiri hewani, nasikia kwanza habari za ndoa ya mutu.

Kiden alitoka Yei, ng'ambo ya mpaka, Sudani. Alikaa kwanza kambini kwa wakimbizi, halafu akaja mjini kutafuta kazi, akawa anauza simsim, ufuta wa kwetu, na vocha karibu na meza yangu. Msichana mrefu, mpole, Mkristo wa kuimba kwaya, mimi ni Mwislamu wa kupiga kelele. Siku ya kwanza alinikuta nimeishika redio ya mteja nataka kuitupa ukutani. Akasema, "Dada, waya imekatika ndani ya ngozi. Pinda utasikia." Nikapinda. Ikaongea. Nikamwambia, wewe kuanzia leo hapana kaa kwenye jua, leta simsim yako hapa kivulini. Mimi nikimpenda mutu ndiyo hivyo, sijui kupenda kidogo. Alikuwa amesoma sekondari, hesabu anaijua. Mimi shule niliiacha njiani, lakini mikono yangu haiogopi kitu. Tulijifunza kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, kichwa kwa kichwa, na bando ilikuwa inaisha wakati mwalimu wa kwenye video yuko katikati ya sentensi. Basi tunabaki tunabishana: alitaka kusema nini? Nusu ya ninachojua leo nilibahatisha mwisho wa sentensi za watu.

Ndipo siku moja tukaiona. Video ya mzee mmoja mwenye miwani ameketi jikoni kwake, meza ina makombo ya mkate, ameshika kidude kidogo kiganjani anasema hii ni setilaiti. Mimi setilaiti nilikuwa najua ni kitu ya serikali kubwa, nyumba nzima inaruka! Huyu anaonyesha: hizi ni vioo vya sola, kama vya taa ya bustani. Hii ni betri, ndugu ya betri ya simu. Na antena yake, wallahi niliruka juu ya godoro, antena yake ilikuwa tepu. Ile tepu ya chuma ya manjano ya fundi seremala! Wameikata vipande, wamevikunja kuzunguka kidude, wamevifunga na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Ikifika juu, kiwaya kidogo kinapata moto, nailoni inaungua, na tepu inajifungua yenyewe, twa! kwa sababu tepu ya fundi kazi yake ndiyo hiyo, ukiikunja inataka kunyooka. Nilimpiga Kiden begani. "Umeona? Umeona? Hii mimi naweza! Hii iko kitu ya watu kama sisi!" Kiden akasema polepole, "Umenipiga kwenye mfupa." Lakini macho yake yalikuwa yanawaka.

Kikundi cha huyo mzee kilikuwa kinaomba sauti. Kila mutu duniani atume salamu fupi kwa lugha yake, wao watachagua chache, setilaiti itakuwa inazisema moja moja ikizunguka dunia, na mwenye redio popote atasikia. Ndiyo ile siku ya blanketi. Kiden alisema kwa Kiswahili, "Habari ya huko. Mimi Kiden. Mimi iko Koboko. Unanisikia?" Halafu akaongeza kwa Kikakwa, lugha ya kwao na ya nusu ya Koboko, maneno ambayo hatukuyapanga: "Mama, usiogope, nimekula." Mama yake alikuwa amebaki Yei. Nilitaka kumwambia turudie, hiyo si salamu, hiyo ni simu ya nyumbani. Nikamwangalia uso, nikabonyeza kutuma. Wakaichagua. Kati ya sauti zote za dunia wakaichagua, na walipotuandikia nilikimbia uani bila viatu nikawaambia wanawake wa kusuka, na mmoja akaniuliza, "Sasa atalipwa?"

Kusikia setilaiti kunahitaji sikio, na sikio ni antena. Redio yenyewe tulipata rahisi, kile kidude cha kuchomeka kwenye laptopu watu wanaonea televisheni. Ukikiwekea programu nyingine ya bure kinasikia karibu kila kitu hewani. Antena ndiyo ilitupeleka Arua. Tulitaka mrija wa shaba, ule mwembamba wa mgongoni mwa friji. Nilimkuta mzee wa vyuma chakavu kutoka upande wa Congo, lori lake limetoka Vurra mpakani asubuhi hiyo, friji zimelala juu kama wagonjwa. "Mama, hii ni ya bintu gani?" Nikamwambia ni ya kusikiliza setilaiti. Akacheka mpaka akakohoa, halafu kijana wake akamtazama Kiden, akaona alama za kwao usoni, akasema, "Hawa wakimbizi, kazi yao kung'oa shaba za watu." Sikumbuki vizuri nilisema nini. Najua nilisema kwa lugha tatu. Najua kofia yake ilianguka. Kiden alinivuta mkono mpaka tulipofika karibu na barabara ya Ediofe, kengele ya kanisa inalia, akasema, "Sitina, kila mara ukinitetea tunarudi mikono mitupu." Nikamwonyesha mfuko wangu wa plastiki. Shaba ilikuwa ndani. Mzee mwenyewe alinipa huku anamtukana kijana wake. Tulicheka mpaka Koboko.

Antena tuliyoitaka ni ya shaba iliyozungushwa, kama springi kubwa, duara moja lifuate jingine, nafasi sawa sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yake inatakiwa sahani pana ya chuma. Sahani tulikuwa nayo: sinia ya aluminiamu ya Haboba, ile ya pilau ya watu wengi. Kuipata niliapa viapo ambavyo Mungu anisamehe. Lakini mzunguko ulinishinda. Nilizungusha shaba kwenye fremu ya bomba la plastiki na vijiti vya mwanzi, ikatoka kama utumbo wa mbuzi. Haboba alikuwa anatuangalia kutoka kwenye mkeka wake, anameza chai ya tangawizi. Mwisho akashindwa kuvumilia. "Lete hapa. Unaniumiza macho." Akaiweka fremu mapajani kama mtoto, akazungusha jinsi anavyozungusha tabaga, kidole gumba kinapima nafasi, bila rula, bila penseli. Ikatoka nzuri kama pambo la harusi. Siku hiyo tulikula gurusa zake, mikate yetu myembamba, na bamia, mikono mitatu kwenye sahani ya udongo kwa sababu sinia ilikuwa tayari iko kazini, na kila tukimaliza tonge tunageuka kuiangalia. Ilikuwa nzuri! Hata sasa nasema, sijawahi kushika antena nzuri kama ile.

Na ilisikia. Hilo ndilo lilitudanganya. Mchana wa kwanza tuliielekeza upande simu ilipotuambia setilaiti nyingine ya wapenzi wa redio inatokea, na kutoka kwenye laptopu ikaja, ti-ti, tii, ti-ti-ti, nyembamba, safi. Kitu ambacho hakuna mutu anakishika, kinapita juu ya mabati yetu, na sisi tumekikamata na friji iliyokufa! Nilizunguka uani kama niko kwenye ngoma. Wanawake waliacha kusuka. Majirani wakaja. Mlio ukapanda na kushuka kama honi ya lori linalokupita, Kiden anaufuata na kidole kwenye laptopu, mimi nafuata na sinia, tunapigiana kelele, "Juu! Juu kidogo! Kulia!" Na nyuma ya majirani akaja cheyamani, mwenyekiti wa kijiji.

Huyu mzee sikumchukia, niseme ukweli. Lakini siku ile ningeweza kumng'ata. Alikuwa askari zamani, anatembea bado kama anakagua. Akasimama mbele ya sinia.

"Hii kitu iko naongea na nani?"

"Haiongei, mzee. Inasikia tu."

"Inasikia nani?"

Kiden, maskini, akadhani akimwonyesha ataelewa. Akamchezea ule mlio. Uso wa cheyamani ulifungwa kama duka.

"Ti-ti-ti! Mimi nilikuwa jeshini. Ti-ti-ti naijua. Mutu mwema anaongea na mdomo. Hii iko ya majasusi."

"Mzee, jasusi gani anatumia sinia ya pilau?"

"Sitina!" Haboba alifoka nyuma yangu. "Funga mdomo!"

Watu walicheka, na hicho ndicho kiliharibu, kwa sababu mzee mkubwa akichekwa hadharani hawezi tena kurudi nyuma. Alimwangalia Kiden, siyo mimi. Akasema hapa ni mpakani, huku Congo, huku Sudani, yeye ndiye anayejibu watu wa usalama wakiuliza. Nikamwambia iko setilaiti yetu nyingine inapanda mwezi ule, inaongea kama mutu, Kiswahili, Kikakwa, sauti ya huyu huyu msichana. Akasema vizuri. "Ikiwa juu, nitakuja Jumamosi inayofuata. Nikiisikia na masikio yangu, maneno yameisha. Nisiposikia, waya inashuka, na huyu binti anarudi kambini. Mimi hapana weka jina langu kwa mkimbizi wa ti-ti-ti." Bila jina lake la kumdhamini Kiden asingeweza kukaa mjini. Kambini hapakuwa na umeme, hapakuwa na mtandao, hapakuwa na mimi.

Roketi ikaruka. Tuliiangalia kwenye kioo kilichopasuka, bando ikakata kabla haijafika juu, tukabahatisha mwisho. Kesho yake kikundi kikaanza kushangilia: mutu wa Brazili amesikia, mutu wa Japani amesikia, tepu zimejifungua, betri nzima. Mmoja akatuandikia, nimemsikia Kiden wenu, sauti nzuri sana, nyinyi mnamsikiaje huko kwenu? Na sisi tulikuwa hatusikii kitu. Nasema kitu! Inapita juu ya kichwa, simu inasema hapo, hapo hapo, juu ya mwembe wa shule, na laptopu inatoa shhhh kama mchele unaooshwa. Setilaiti nyingine zikipita tunazisikia vizuri. Yetu tu ndiyo imetunyima. Nilibadilisha waya. Nilichoma viungo upya. Nilibishana na kidude, na laptopu, na Kiden, na nikanunia hata jogoo. Nikamwona Kiden anakunja nguo zake na kuziweka mfukoni vizuri, moja juu ya nyingine, na nilipomuuliza unafanya nini akasema, "Napanga tu." Nikazimwaga zote chini. Nikamwambia kwenye chumba hiki hakuna mutu anapanga. Dirishani nikasikia mmoja wa wanawake anasema kwa Kinubi, taratibu, kwamba sisi tutatenganishwa, na Haboba akamjibu, "Nyoosha uzi wako."

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala, tunakula muhogo na sombe ya majani yake uani. Antena imesimama imeegemea ukuta, na Kiden ameketi karibu nayo na chupa ya maji ya dukani. Akafungua, akanywa, akabaki anaiangalia ile shingo ya chupa, mistari ya kukazia kifuniko. Akainyanyua karibu na antena. Akaangalia shingo, akaangalia shaba. Shingo, shaba.

"Sitina. Hii inapanda hivi. Hii inapanda hivi."

Nikaona. Yaa Allah, niliona mara moja na nikatupa muhogo. Mawimbi ya setilaiti nyingi zile ndogo yanakuja yamelala tu, hayajali springi yako imezunguka wapi. Lakini yetu, mzee wa video alisema, ilitengenezwa itume mawimbi yaliyojisokota, kama uzi wa skrubu, mkono wa kulia, na sikio la kuyashika lazima lijisokote kulia vile vile. La kwetu lilijisokota kushoto. Hilo la sikio lilikuwa limeandikwa, labda, kwenye mwisho wa video moja ambayo bando ilikata. Na kwa nini kushoto? Kwa sababu tabaga za Koboko, mikono ya Haboba, na ya mama yake, na ya wote walioketi kwenye ule mkeka, zinakwenda hivyo. Tulimpa mwanamke wa kusuka shaba, akasuka. Mimi sijawahi kusikia fundi mwingine wa redio duniani aliyekosea namna hiyo, na mpaka leo najivunia.

Haboba alipoelewa alicheka mpaka shela ikamwanguka. Akafungua shaba yote, akainyoosha, akaanza upya kwa upande mwingine. Ikamshinda. Mikono ilikuwa inakwenda kidogo, halafu inarudi kwenye njia yake, kama punda anayejua nyumbani. "Hii si kusuka," akasema, "hii ni kufumua. Vidole vinakataa." Mimi nikajaribu: utumbo wa mbuzi. Kesho ndiyo Jumamosi. Haboba akajisugua magoti, halafu akamwita Kiden. "Njoo, bint. Hapana kaa kando yangu. Kaa mbele, tuangaliane." Akatueleza huku anavuta kamba ya ukindu: msichana anayejifunza kusuka lazima akae ubavuni mwa mwalimu, akikaa mbele ya uso wake anaona kama kwenye kioo, na kazi yake yote inatoka kinyume. Wasichana wangapi amewachapa vidole kwa hilo! "Leo nataka ukosee." Akachukua fremu tupu na kamba yake, Kiden akachukua fremu yenye shaba, wakakaa goti kwa goti. Haboba akazungusha kwa njia yake ya siku zote, na Kiden akawa kioo. Kidole gumba kikipima huku, kidole gumba kinapima kule. Wanawake wote wakasimama kuangalia. Haboba anamkaripia, "Usiharakishe! Nifuate! Unaangalia mkono wako, angalia wangu!" na Kiden ameuma ulimi, hapumui. Nimeona watu wakisali kwa makini kidogo kuliko ile. Walipomaliza, Haboba alichukua chupa yeye mwenyewe akaiweka kando ya shaba. Zilipanda njia moja.

Jumamosi asubuhi cheyamani alikuja amevaa koti. Nusu ya mtaa ilikuwa imemtangulia. Mmoja alileta kiti, mwingine mandazi. Simu ilisema itatokea kusini, upande wa Arua, ipande karibu katikati ya anga, iteremkie kaskazini. Nilikuwa nimeshika antena, nikamwona anavyomwangalia Kiden na laptopu yake, na nikajua anachofikiria: sauti itatoka kwenye mashine, mashine ni ya kwao, nani atajua? Kichwa changu kilipata moto. Badala ya kumtukana nikamtupia antena mikononi.

"Shika wewe, mzee. Usituamini sisi. Itafute mwenyewe."

Aliishika kama bunduki. Waya ukamfuata uani mpaka kwa Kiden. "Wapi?" "Kule, juu ya paa la duka. Ngoja." Shhhh. Mchele. Watu wananong'ona. Shhhh. Kiden amefunga macho. Halafu ndani ya mchele kikaja kitu, kama mutu anaita kutoka ng'ambo ya mto, Kiden akasogeza kidole, na sauti ya mwanaume mgeni ikasalimia kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wanawake wakapiga vigelegele. Cheyamani akageuka kuangalia laptopu, sinia ikageuka naye, sauti ikafa.

"Imekwenda wapi?"

"Umeiachia wewe, mzee! Rudisha juu!"

Akairudisha. Ikarudi. Akaishusha makusudi, ikafa. Akaipandisha, ikarudi. Nilimwona anaelewa, ilianzia mabegani. Akaanza kuifuata angani, hatua kwa hatua, koti linapepea, anakanyaga mikeka ya watu, "Tokeni! Tokeni mbele!" na mtaa mzima unampigia kelele, "Juu! Juu, cheyamani! Kushoto!" na ilipofika juu kabisa, sinia imeelekea mbinguni kama inaomba mvua, ikaja.

"Habari ya huko. Mimi Kiden. Mimi iko Koboko. Unanisikia?"

"Tunasikia!" watu walijibu. Walijibu, wallahi, wameinua uso juu. Halafu Kikakwa. Mama, usiogope, nimekula.

"Amekula nini?" mmoja akauliza nyuma.

"Muhogo wangu!" Haboba akalia, anajifuta macho na shela. "Amekula muhogo wangu!"

Kiden alikuwa hafuati tena na kidole. Nilikimbia nikamshikia. Sauti ilikuwa inateremka kaskazini, inapita mpaka bila kuulizwa kitu, na yeye amesimama, ameinyooshea mkono. "Sasa iko juu ya Yei," alisema. Halafu mchele ukarudi.

Cheyamani hakushusha antena. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kola.

"Inarudi lini?"

Kiden akaangalia simu. "Inazunguka dunia kwanza, mzee. Kabla ya adhuhuri itapita tena, lakini chini, upande wa Congo. Kuishika ni kazi. Lazima mmoja afuate na sinia, mmoja awe kwenye laptopu anafuata mlio."

"Na kwenye laptopu nani anajua?"

"Mimi."

"Basi wewe hapana enda popote," akasema cheyamani. Akavuta kiti, akakigeuza kikaangalia Congo, akakaa na antena mapajani, na mutu aliyetaka kuigusa alimfukuza.